Arobaini Bila Jua

Kama mwanao anaishi kaskazini ya mbali na amekuomba uende kumhudumia uzazi wakati wa baridi, nenda. Naanza na neno hili ili usije ukasoma yaliyonipata ukaivunja safari. Nenda, lakini ujue jambo ambalo mimi sikulijua: anayekwenda kumhudumia mzazi naye anaweza kuugua, na ugonjwa wenyewe hauna homa wala jeraha. Unaweza kuwa nao wiki tatu ukadhani ni uchovu wa safari. Mimi niliujua siku uliponifanya nimwache mjukuu wangu akilia.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilizaliwa Unguja, nikaja Oman msichana wa miaka kumi na tatu, na miaka karibu thelathini nimefundisha hesabu wasichana wa Ibra, ambako bado nakaa na mume wangu, Bwana Seif. Ualimu haujanitoka, kwa hiyo mtanisamehe nikieleza kitu polepole.

Binti yetu ni mmoja tu, Nasra. Mumewe, Khalfan, ni kijana wa Sur anayesomea mambo ya samaki katika mji mmoja wa Norwei, juu kabisa ya ramani, ambako jua huzama mwishoni mwa Novemba na halichomozi tena mpaka Januari inakaribia kwisha. Nasra aliniambia haya kwa simu, zaidi ya mara moja. Nikamjibu kwamba Ibra tuna jua la kuwagawia watu, nitamletea kidogo kwenye mkoba.

Nilifika mwanzoni mwa Desemba. Khalfan alinipokea uwanja wa ndege, akanibusu mkono.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusumbua kuja kunipokea usiku."

"Ni mchana huu, Mama. Saa saba."

Nilicheka. Yeye hakucheka sana.

Siku mbili baadaye Nasra alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Salma, nami nikaanza kazi niliyoijia. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini. Hatoki, hapigwi na upepo, hashiki kazi. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja tumboni, hunyweshwa uji wa pilipili manga, hufukizwa udi. Udi ule wa kwanza uliiamsha kengele ya moshi, na jirani wa chini akapanda akiwa na soksi tu kuuliza kama tumo salama. Nasra alicheka mpaka akashika tumbo. Nikavuta mapazia ya nyumba nzima, mzazi asipate upepo. Nje kulikuwa na giza, kwa hiyo sikuona kwamba kuna kitu ninachokizuia.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo nalieleza kwa sababu naona wengi wetu tungelifanya. Nilikataa kuibadilisha saa. Jua halichomozi, halizami. Mtu atajuaje alfajiri na magharibi? Khalfan alinieleza kwa adabu kwamba Waislamu wa mji ule wana ratiba waliyokubaliana. Nikamwambia yeye afuate ratiba yake, mimi simu yangu inaadhini Ibra na Ibra inanitosha. Ibra iko mbele kwa saa tatu. Alfajiri yangu ilikuwa saa nane za usiku wao. Magharibi yangu ilikuwa saa nane na nusu za mchana wao, wakati Nasra ndiyo kwanza amepata nguvu za kuzungumza. Khalfan akirudi kutoka chuoni, mimi nimeshalala. Nikiamka, wao wamelala. Nilikuwa nyumba moja na mwanangu, na siku nzima tulikuwa tukipishana.

Wiki ya kwanza nilikuwa na nguvu za kuendesha shule. Wiki ya pili miguu ikaanza kuwa mizito, kama mtu anayetembea ndani ya maji. Nililala kwa muda wa saa kumi na moja, kumi na mbili, nikaamka nimechoka kuliko nilipolala. Vidole vikavimba, pete ya ndoa ikakataa kutoka. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, nami nazikunja na kuzitia mfukoni ili Nasra asizione. Nilikuwa nimebeba makopo sita ya halua kuwapa majirani zao. Makopo manne niliyala mwenyewe, nimesimama jikoni, kwa kijiko, bila kuonja utamu wake.

Halafu machozi. Nilikuwa nikikoroga uji, nakuta yanatiririka, wala hakuna kinachoniliza. Naomba uelewe hili, maana mtu akisikia "kulia" hudhani kuna huzuni. Kulikuwa na utupu tu.

Bwana Seif alinipigia kila siku.

"Mama Nasra, sauti yako imekuwaje?"

"Baridi hiyo."

"Baridi hushika pua. Wewe imekushika maneno."

"Sina la kusema. Nakaa ndani kutwa, nitakuhadithia nini? Ukuta?"

"Nihadithie huo ukuta basi."

Nikakata simu nikisema mtandao mbaya. Sikumwambia yeye wala mtu mwingine yeyote. Mimi nimekuja kuhudumia. Nikianza kuhudumiwa, nimekuja kufanya nini?

Siku ya ishirini na tatu ya arobaini ilikuwa zamu yangu ya kumwogesha Salma. Nasra alikuwa hajalala usiku kucha, nikamwambia akalale, mtoto niachie. Khalfan alikuwa chuoni. Nikamvua mtoto nguo, nikamlaza katikati ya kitanda changu juu ya taulo, nikenda jikoni kuyatazama maji yaliyokuwa yanapashwa. Hayakuwa moto bado. Nikavuta kiti, nikakaa.

Nikabaki pale. Siwezi kueleza zaidi ya hivyo, na nimejaribu mara nyingi. Nilimsikia mtoto akilia, nikawaza, mtoto wa watu huyo analia, mama yake ataamka sasa hivi. Sauti ilikuja kama ya nyumba ya jirani. Mikono ilikuwa mapajani, nikaitazama. Maji yakachemka, yakakauka, sufuria ikaanza kuungua, kengele ya moshi ikalia, na hata hapo sikusimama.

Khalfan ndiye aliyeingia. Alilizima jiko, akafungua dirisha, kisha akaenda chumbani. Alipotoka, alikuwa amemfunika Salma ndani ya koti lake, na miguu ya mtoto iliyochungulia chini ilikuwa imebadilika rangi kwa baridi. Nasra alitoka chumbani kwake akikimbia, mkaja umemfunguka. Walimpeleka kitandani wakamkumbatia baina yao mpaka akapata joto, akanyonya, akalala. Mtoto hakudhurika, alhamdulillahi. Saa ya ukutani iliniambia kwamba nilikaa pale karibu saa nzima.

Khalfan hakunilaumu, hata macho hakuyainua. Nasra alinijia baada ya muda. Mwanangu amezaliwa Oman, Kiswahili chake ni cha nyumbani, kimechanganyika na Kiarabu, na akiwa na uchungu hukivunja zaidi.

"Mama, yaani… mtoto ilikuwa inalia. Mimi nilisikia ndani ya usingizi. We ulikuwa karibu."

"Nilimsikia."

"Sasa?"

Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, "Khalas, Mama. Usimshike peke yako. Kama mimi niko, sawa. Peke yako, la."

Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi, na hakuna mzazi aliyewahi kuniambia neno kama hilo. Kaniambia mwanangu mwenyewe, na lilikuwa la haki.

Siku tatu zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote. Nilipika, nikakanda, nikafua, na kila nikipita karibu na mtoto Nasra alikuwa akiinuka mahali alipo kuja kukaa pale nilipo. Kurudi kwetu sikuweza: nikirudi kabla ya arobaini, Ibra nzima itauliza, na jibu litamfika Nasra likiwa limeongezwa chumvi. Kubaki nako, nabaki kama mgeni wa kuchungwa. Nikaingia chumbani kwangu nikafungua pazia nipate walau kuona nje. Dirisha lilikuwa jeusi, na ndani yake kulikuwa na uso wangu. Nikalifunga.

Siku ya nne akaja Marit, muuguzi wa watoto anayezunguka majumbani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye soksi za rangi mbili tofauti. Alimpima Salma, akamsifu. Kisha akageuza kiti chake, akaniangalia mimi, akasema kitu.

"Anauliza we unalala vipi," Nasra akafasiri.

"Mwambie vizuri."

Nasra akasema maneno mengi kuliko neno langu moja.

"Anauliza kama unalia."

"Mwambie silii."

Nasra akasema tena maneno mengi. Marit akatikisa kichwa polepole, bado ananiangalia mimi.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ukweli."

"Nani kakuambia unao ukweli wangu?"

"Mama, nywele nimezikuta ndani ya mfuko wa dera lako nikifua. Makopo ya halua nimeyahesabu. Na jikoni nakusikia." Akamweka mtoto begani. "Mimi ndo nimezaa. Lakini we ndo unakaa arobaini."

Nilicheka, Nasra naye akacheka, na Marit, ambaye hakuelewa hata neno, akatabasamu kwa heshima. Kisha nikalia, safari hii mbele ya watu.

Marit akataka kujua kwa nini mapazia yamefungwa. Nasra akamweleza desturi yetu. Akauliza, kwa miaka yote ya desturi hiyo, nani mwingine huwa ndani na mzazi? Hapo ndipo nilipojisikia nikieleza, na katika kueleza nikajifunza. Nikamwambia arobaini yangu mimi pale Ibra: asubuhi majirani wanaingia na kahawa, mchana shangazi, jioni wanawake wanaokuja kumwona mtoto na kusengenya mpaka isha. Mlango haufungwi. Jua linaingia uani, mzazi anaota jua mgongoni huku mtoto anapakwa mafuta. Sikuwahi kukaa peke yangu hata dakika kumi. Nilikuwa nimeichukua arobaini, nikaacha watu wote na ua na jua, nikabakiza kuta.

"Anasema," Nasra akafasiri, "utoke nje kila siku saa sita mchana. Kuna mwangaza kidogo."

"Mwambie mzazi hatoki siku arobaini."

Wakazungumza. Nasra akaminya midomo asicheke.

"Anasema mzazi akae. Bibi atoke."

Daktari wa mji ule nilimwona siku mbili baadaye. Nakumbuka chumba cha kungojea kuliko ninavyomkumbuka daktari mwenyewe. Viatu vyote vilikuwa mlangoni, na kila mtu kaacha kiti kimoja kitupu baina yake na mwenzake. Hakuna salamu. Mzee mmoja wa kiume alikuwa akifuma soksi. Kwetu ningekuwa nimeshajua watoto wake wangapi na nani anaumwa. Nikamsogelea kiti kimoja, nikamwonyesha kwa kidole kwamba safu yake moja imeruka uzi. Akaitazama, akafumua, akaniinamishia kichwa. Nilitoka pale na furaha ndogo, na furaha ndogo wakati ule ilikuwa kitu cha kukitunza.

Daktari hakusema mengi. Matone ya vitamini inayotokana na jua, taa, nje mchana, na saa yangu iwe saa ya mji ule. Taa yenyewe ni nyeupe, ukubwa wa daftari, unaiweka mezani kila asubuhi nusu saa na kukaa mbele yake. Usitarajie miujiza. Siku tano za kwanza nilijiona mjinga, mwanamke mzima nimekaa nikiangaliana na taa. Lakini Nasra alianza kuja kunyonyesha pale pale, bega kwa bega nami, na akawa ananihadithia ndoto zake. Nadhani hiyo taa ilitutibu wawili. Mtoto nilimshika, Nasra akiwepo.

Simu niliiweka kwenye ratiba ya Khalfan. Iliniuma kidogo, kama mtu aliyefunga mlango wa nyumba yake. Lakini jioni ile tuliswali isha pamoja sote, na baadaye tukanywa chai pamoja, mara ya kwanza tangu nifike.

Saa sita mchana Khalfan alirudi kutoka chuoni kunitoa. Mkwe wa kiume na mama mkwe kutembea mkono kwa mkono barabarani ni jambo la haya kwetu, lakini barafu haijali haya. Alinivisha viatu vyenye meno ya chuma chini, akanipa mkono, tukaenda mpaka daraja na kurudi. Mwangaza ulikuwa wa buluu, kama wa alfajiri isiyoendelea kuwa asubuhi. Mbele ya duka la mikate tulikuta gari mbili za kusukumia watoto nje kwenye theluji, na ndani watoto wamelala fofofo, mama zao wanakunywa kahawa nyuma ya kioo. Nikasimama.

"Khalfan, hawa wametupwa?"

"Hapana, Mama. Huku hulazwa nje. Wanasema wanalala vizuri."

"Na mimi niliyemwacha mmoja ndani nikaonekana mwuaji."

Nilisema kwa mzaha, na nilipomaliza nikaona haikuwa mzaha. Khalfan akanikaza mkono nisiteleze.

"Mama, mwaka wangu wa kwanza hapa, kabla Nasra hajaja, nililala siku tatu na viatu. Nilimwambia mama yangu Sur kwamba nina mitihani. Mpaka leo hajui."

"Nani alikuinua?"

"Mtu wa maabara alikuja kuuliza samaki wangu wa majaribio mbona hawajalishwa. Walikuwa wamekufa wote."

Yule kijana aliniambia kwamba naye aliwahi kukaa kwenye kiti kile changu. Ukiugua ugonjwa huu, mtafute mtu mmoja aliyewahi kuupata. Yuko karibu kuliko unavyodhani, naye anangoja mtu wa kumwambia.

Arobaini ilikwisha katikati ya Januari, nikaondoka. Jua lilikuwa bado. Watu huniuliza lilikuwaje liliporudi, na huwa nawavunja moyo: pale mjini sikuliona. Nililiona kutoka kwenye ndege, juu ya mawingu, kubwa na jeupe. Nilidhani nitalia kwa furaha. Lilinichoma macho, nikateremsha kidirisha. Ndipo nilipoogopa.

Na Ibra ndiko nilikokaa gizani muda mrefu zaidi. Msishangae. Kila aliyekuja kunitazama alisema, jua hili hapa sasa, utapona wiki moja. Sikupona. Nyumba zetu zina mapazia mazito, viyoyozi, gari mlangoni. Mwanamke wa makamo anaweza kutoka chumbani akaingia ukumbini, akatoka ukumbini akaingia garini, mwezi mzima asiguswe na jua hata kwenye kiwiko. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka mingi kabla sijasafiri. Bwana Seif akawa anafungua pazia asubuhi, mimi nafunga. Siku moja aliling'oa, fimbo na yote, akaliweka nje ya mlango.

"Umelivunja," nikamwambia.

"Nitanunua jingine mwakani. Vaa, tunakwenda Nizwa."

Nizwa kulikuwa na daktari bingwa tuliyeelekezwa. Tulikwenda mara nne, kuanzia wakati watu wanapandisha mitende ili izae hadi makole, vichala vya tende, yalipoanza kupata rangi. Chumba cha kungojea cha wanawake kilikuwa kimejaa, na hapo hakukuwa na kiti kitupu baina ya mtu na mtu. Bibi mmoja mnene wa Sinaw, aliyelelewa Pemba kama nilivyojua kwa lafudhi yake, aliniuliza maradhi yangu kabla sijakaa sawasawa. Nikamhadithia kaskazini, giza, taa, yote.

"Ikawa damu yako haina jua," akasema.

"Ndivyo walivyosema."

"Na yangu haina. Wewe umelikosa jua Ulaya, angalau umepanda ndege. Mimi nimelikosa Sinaw."

Chumba kizima kikacheka. Wawili watatu wakasema na wao ni hivyo hivyo. Daktari, binti mdogo wa umri wa Nasra, aliniambia kwamba upungufu wangu wa vitamini ile si wa miezi miwili, ni wa zamani. Nilikwenda kaskazini nikiwa tayari sina akiba. Alinipa vidonge vya kila Ijumaa, na vingine vya kila siku kwa ajili ya ule utupu. Vya utupu nilivionea haya mwezi mzima, nikavificha ndani ya kopo la kahawa. Usivionee haya. Vinywe. Na usiviache siku unapojisikia vizuri, muulize aliyekupa.

Jua nilianza kulipokea darini. Paa letu lina ukuta wa kifua pande zote, mtu wa nje haoni. Kila asubuhi nilipanda na mkeka, nikajifunua mikono na miguu, kichwa wazi. Bwana Seif alikaa ngazini na gazeti, na mtu yeyote akipita chini alikohoa kama mgonjwa wa kifua. Mwezi wa tatu wa kupanda darini nilianza kuonja tena chumvi katika chakula. Mwezi wa nne pete ilitoka, nikairudisha kidoleni mwenyewe.

Nasra alikuja na Salma msimu wa rutabu, tende zinapoiva, mtoto ana miezi saba, anakaa na kujirusha. Khalfan alibaki na mitihani, ya kweli safari hii. Wiki nzima Nasra hakuniachia mtoto peke yangu, wala sikuomba. Akienda kuoga, alimbeba. Niliona, yeye aliona kwamba nimeona, tukazungumza habari za nguo.

Siku ya nane alitakiwa Sur, kwenye matanga ya mtu wa ukoo wa Khalfan. Mwendo mrefu, joto kali, nyumba ya msiba imejaa watu. Asubuhi alisimama mlangoni, mtoto begani, funguo mkononi, na nilimwona anapima. Kisha akasema, "Mama, labda nimwache."

Hicho ndicho nilichokingoja miezi saba. Na usiku ule sikuwa nimelala vizuri. Nilikuwa nimeamka na ile miguu mizito, na uji nilioupika niliusahau mpaka Bwana Seif akaniuliza. Siku kama hizo bado hunijia, moja moja, nawaambia ukweli. Ningeweza kunyamaza. Pengine pasingetokea lolote.

"Usimwache leo," nikamwambia. "Leo siko sawa."

Niliona uso wake unabadilika, nikadhani ni kuvunjika moyo, nikajuta. Alimshusha Salma kwenye kiti cha gari, akamfunga mikanda, akanipungia mkono. Gari ikaondoka. Nilipanda darini, nikakaa mpaka jua likawa kali, nikashuka nikanywa kidonge changu, nikamwambia Bwana Seif yote, naye akanipikia wali ulioshikana.

Walirudi kesho yake jioni. Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimekaa uani nakunywa chai. Usiku nilikuwa nimelala vizuri. Nasra alitoka na mtoto, akaniuliza, "Leo je?"

"Leo niko sawa."

Akamweka Salma mapajani mwangu, akaweka na chupa ya maziwa mezani, akachukua mkoba wake.

"Naenda Nizwa, nina vitu vya kununua. Baba atanipeleka. Tutarudi alasiri."

"Baba yako pia anakwenda?"

"Ndiyo. We na Salma peke yenu." Alikuwa ameshafika mlangoni. "Juzi uliniambia huwezi. Sasa ukisema unaweza, mimi naamini."

Wakatoka. Salma alitazama mlango, akanitazama mimi, midomo ikaanza kutetemeka. Nikamwambia tuna saa nyingi mbele yetu, aanze kulia taratibu.